Jinsi ya kujitengenezea trela ya kubebea kwadi, kwa barabara na chumvi ya Malindi

Kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, inanoga kwenye matuta ya mchanga ya Mambrui na kwenye njia za vumbi zinazozunguka Nyari, kule Marafa. Taabu ni kuifikisha huko. Kwadi isiyo na namba ya usajili haifai kupita barabara kuu, na hata yenye namba, matairi yake yanayojazwa upepo kidogo huliwa na lami upesi sana. Kwa miaka miwili nilikuwa nakodi pikapu na kutafuta vijana wanne wa kuinua, na kila safari ama mtu aliumia mgongo au kitu kilipinda. Mwishowe nikajenga trela. Ya kwanza niliikosea vibaya. Ya pili ndiyo ninayoivuta hadi leo, na haya nitakayoyaeleza nimeyapata kwa zote mbili.

Kosa la ile ya kwanza nilitaje mapema, kwa sababu ndilo linaloweza kuua mtu. Niliweka ekseli katikati kabisa ya kitanda, nikidhani katikati ndiko kwenye usawa. Siku moja tulipakia kwadi ikiwa imerudi nyuma kidogo, na nilipokaribia daraja la Sabaki, nikiwa kwenye kilomita 70 kwa saa, trela ikaanza kucheza mkia: kushoto, kulia, kila mara ikienda mbali zaidi, hadi gari lenyewe likaanza kuburutwa. Nilinusurika kwa kuondoa mguu kwenye mafuta na kushika usukani bila kupigana nao, gari likapungua lenyewe. Ningekanyaga breki ghafla, trela ingelisukuma gari na tungelala ubavu.

Nilipompelekea fundi mmoja mzee wa Maweni trela hiyo aitazame, hakugusa chuma. Aliinua mkono wa trela kwa mkono mmoja tu, ukapanda bila tabu. "Mwanangu," akaniambia, "umetengeneza kitanda. Trela ni mizani." Tangu siku hiyo naanza kwa uzito, chuma nakifikiria baadaye.

Pima kwadi yako kwanza

Usinunue kitu kabla ya kupima. Kwadi za michezo huwa na kilo 180 hadi 200, zile kubwa za kazi zenye nguvu ya magurudumu manne hufika kilo 300 na zaidi. Upana wa nyingi ni kama mita 1.2, na urefu kama mita 2.1. Mfano ninaoutumia hapa ni wa kwadi ya kilo 300, na vipimo vya kitanda ni urefu wa sentimita 240 na upana wa sentimita 135. Trela yenyewe itafika kilo 230 hivi ikikamilika, kwa hiyo jumla ni kama kilo 530.

Uzito huo unakuruhusu kujenga trela isiyo na breki zake. Nchi nyingi za Ulaya huweka mpaka wa trela isiyo na breki kuwa kilo 750, na Uingereza huongeza sharti kwamba isizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta. Sharti hilo la nusu ni la busara hata kwetu. Gari la kilo 1,100 na chini, usilifunge mzigo huu. Pikapu au gari kubwa la familia linatosha.

Kabla ya kukata chuma pitia pia mambo ya sheria. Trela ya Kenya husajiliwa peke yake na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na hupewa namba yake inayoanza na herufi Z, na lazima ikaguliwe. Nenda na mchoro, uulize mkaguzi anataka kuona nini. Na kampuni yako ya bima ikujibu kwa maandishi kama gari lako limekatiwa bima likiwa linavuta.

Chuma cha kununua

Fremu ya kitanda itatoka kwenye bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene wa milimita 3. Linauzwa kwa urefu wa mita 6, nawe utahitaji matatu. Kutoka kila moja ya mawili ya kwanza unapata reli moja ya ubavuni ya sentimita 240 na vipande viwili vya kukingama vya sentimita 125, kinabaki kipande cha mita 1.1. Cha tano cha kukingama hakitoki kwenye mabaki hayo, ndiyo maana unanunua bomba la tatu. Mabaki yatakuwa kizuizi cha gurudumu na miguu ya nyuma.

Mkono wa kuvutia na mihimili ya springi tumia bomba la milimita 80 kwa 40, unene 3. Moja linatosha. Ngazi za kupakilia zinakula vyuma viwili vya pembe, vile mafundi huviita anglaini, vya milimita 40 kwa 40 kwa 4.

Angalia sana unene. Bomba huandikwa 3 na ndani ukakuta 2.5 au pungufu. Beba kalipa, na kama huna, pima uzito: bomba la mita 6 la 50 kwa 50 lenye milimita 3 kamili lina kilo 26 na kidogo. Likiwa kilo 20, rudisha.

Sakafu sikuifunika yote. Niliweka njia mbili za bati nene lenye vinundu, la milimita 3, kila moja upana wa sentimita 35, zikipita pale matairi yanapokanyaga, katikati nikaacha wazi. Bati la kitanda kizima lingekuwa na kilo 76 na zaidi. Njia mbili ni kama 40. Faida kubwa zaidi ni kwamba mchanga unadondoka chini. Mchanga wa pwani ukikaa juu ya chuma hushika unyevu na chumvi, na chuma kinaoza kutokea chini yake bila wewe kuona.

Kuunga fremu

Kata vipande vyote kwanza, uvipange kwenye sakafu iliyo sawa. Sakafu ya saruji ya karakana nyingi ina mabonde, kwa hiyo tumia matofali na uzi au pimamaji. Viungo vyote vichomwe nukta tu mwanzoni, kisha upime pembe kwa pembe: urefu kutoka kona ya mbele kushoto hadi nyuma kulia lazima ulingane na ule wa kona zile nyingine. Tofauti ikizidi milimita 3, gonga kwa nyundo hadi zilingane ndipo uendelee.

Wakati wa kuchomelea ruka kutoka kona moja hadi ile inayoikabili, na mshono mfupi kila mara. Ukimaliza upande mmoja wote kwa mkupuo, joto litaivuta fremu na itakuwa kama mkeka uliokunjamana. Kwa unene huu rodi ya milimita 2.5 aina ya 6013 inafaa, amperi 70 hadi 90. Rodi za huku kwetu hunyonya unyevu wa hewa. Ukiona moto unarukaruka na mshono una vitundu, zianike karibu na joto kabla ya kutumia, na ziweke kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana. Ukiwa na chuma kilichopakwa zinki, saga zinki kwanza pale pa kuchoma na usimame upande upepo unakotoka. Moshi wake huleta homa usiku ule ule.

Mkono wa kuvutia ni wa umbo la V. Vyuma viwili vya sentimita 190 kila kimoja vinaanzia kwenye kapula, yaani kichwa kinachokamata tufe la taubaa (chuma cha kuvutia kilicho nyuma ya gari), vinatanuka hadi sentimita 90 vikifika mwanzo wa kitanda, kisha vinaendelea chini ya fremu hadi kukutana na chuma cha pili cha kukingama. Hapo pa chini ya fremu ndipo watu wanapofanya ubahili. Mkono ulioungwa ukingoni mwa kitanda tu utavunjika kwenye kiungo hicho hicho, kwa sababu kila shimo la barabarani linaukunja. Kapula ibaki sentimita 120 mbele ya kitanda; ukifupisha, trela inakuwa ngumu kurudisha nyuma na wepesi wa kuyumba.

Kuhusu kapula yenyewe: hakikisha imeandikwa milimita 50 na tufe lako pia ni 50. Yapo matufe ya inchi 1 na 7/8, yaani karibu milimita 48, ambayo kwa jicho hayatofautiani. Duka moja la vipuri liliniuzia kapula ya 50 na tufe dogo kwenye mfuko mmoja. Ilifunga vizuri, ikacheza kidogo tu, na kwenye tuta la kwanza ikachomoka. Mnyororo ndio uliookoa.

Ekseli na springi

Ekseli yangu ni chuma kizima cha mraba cha milimita 40, kina kilo kama 12.5 kwa mita. Mwishoni kila upande kuna mhimili mfupi wa kubebea habu, yaani kichwa kinachofungwa gurudumu. Unaweza kununua seti mpya ya habu na beringi, au kutoa kwenye gari dogo lililochakaa. Nimechagua habu zinazolingana na magurudumu ya inchi 13 ya gari langu, ili gurudumu la akiba moja litumike pande zote. Ni uamuzi ambao sijawahi kuujutia.

Matairi ya mtumba tazama tarakimu 4 za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la Malindi hupasua mpira hata kama kashata zake zinaonekana mpya.

Springi ndizo zinazokosewa na wengi. Mtu huchukua springi za bapa za pikapu zenye bapa 6 au 7, akazifunga kwenye trela ya nusu tani, akafurahi kwamba ni imara. Springi hizo hazitapinda hata kidogo. Kwenye barabara ya Marafa, yenye mikunjo kama ya bati la mabati, trela itarukaruka, boliti zitalegea na mishono itapasuka. Punguza bapa. Fanya jaribio hili: kwadi ikiwa juu, fremu ishuke sentimita 3 hadi 5 ukilinganisha na ilivyokuwa tupu. Ikishuka chini ya hapo, toa bapa moja. Ikizidi sana, rudisha. Bapa refu la juu lenye macho lisiguswe.

Nimepitisha springi chini ya ekseli ili kitanda kikae chini, kama sentimita 45 hadi 50 kutoka ardhini. Hakikisha ekseli ina nafasi ya sentimita 8 kupanda kabla ya kugonga mhimili. Springi ifungwe kwa yuboliti (boliti za umbo la U) na kiti cha bati nene. Kiti kikichomwa kwenye ekseli, mshono ufuate urefu wa ekseli. Mshono unaoikata kwa kukingama, hasa upande wa chini unaovutwa na mzigo, ni mwanzo wa ufa.

Mahali pa ekseli

Hapa usifanye haraka. Lengo ni mkono wa trela uelemee taubaa kwa karibu asilimia 8 hadi 10 ya uzito wote. Kwa kilo 530, hiyo ni kilo 42 hadi 53. Chini ya hapo inacheza mkia, juu sana inalaza gari nyuma na kupunguza mshiko wa magurudumu ya mbele.

Kwa vipimo hivi, weka kitovu cha ekseli sentimita 25 nyuma ya katikati ya kitanda. Mihimili ya springi ishikwe kwanza kwa kleampu, usichome. Pima kutoka katikati ya kapula hadi ncha ya ekseli ya kushoto, halafu hadi ya kulia. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, trela itatembea upande kama kaa na matairi yatakwisha ndani ya miezi.

Sasa pandisha kwadi, na kapula iwe kwenye kimo cha taubaa. Mimi niliazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa wachuuzi wa samaki, nikaitundika kwenye boriti, nikavuta kapula juu kwa kamba hadi trela ikawa sawa. Mizani ya bafuni juu ya gogo inafanya kazi hiyo pia. Nilisoma kilo 41. Nikasogeza kwadi mbele sentimita 10, ikawa 52. Hapo hapo nikapiga alama mahali matairi ya mbele yalipogusa, nikachomelea kizuizi cha gurudumu. Tangu hapo hakuna kubahatisha: kwadi inapanda mpaka iguse kizuizi, na uzito uko palepale kila safari. Ukishapata kipimo chako ndipo uchomelee mihimili moja kwa moja.

Kama una kwadi mbili za uzito tofauti, fanya kizuizi cha boliti chenye matundu mawili na upime kila moja.

Ngazi za kupakilia

Ngazi mbili, kila moja sentimita 170 kwa 35, zenye vipago 7. Kwa kitanda cha sentimita 45 mteremko wake unakuwa nyuzi 15 hivi, ambao kwadi inapanda kwa gia ya chini bila kusimama wima. Juu ya kila ngazi chomelea kulabu inayoingia kwenye tundu la fremu na kufungwa kwa pini. Ngazi iliyolazwa tu ukingoni itasukumwa nyuma na tairi, na kwadi itamwangukia anayeiendesha. Safari ikianza, ngazi hulala zikiwa zimepandana katikati ya njia mbili za bati.

Trela isipakiwe kamwe ikiwa haijafungwa kwenye gari. Magurudumu ya kwadi yakifika nyuma ya kitanda, mkono wa mbele unanyanyuka ghafla. Na hata ikiwa imefungwa, teremsha miguu miwili ya nyuma ili gari lisinyanyuliwe.

Kufunga mzigo: pete 4 za chuma zilizochomelewa kwenye kona za fremu, na mikanda 4 ya racheti, miwili inavuta mbele, miwili nyuma, kwa mshazari. Vuta hadi springi za kwadi zilale kidogo. Kamba za manila zinatanuka na kulegea kabla hujafika Gongoni. Breki ya kuegesha iwe imevutwa.

Minyororo miwili ya milimita 8 itoke kwenye mkono wa trela, ipishane chini ya kapula kama msalaba na kushika taubaa. Ikipishana hivyo, kapula ikichomoka mkono utalala juu ya minyororo usichimbe lami.

Taa

Plagi ya matundu 7 ina mpangilio wake: njano ni indiketa ya kushoto, bluu taa ya ukungu, nyeupe ni athi (waya wa kurudishia umeme), kijani indiketa ya kulia, kahawia taa ya nyuma kulia, nyekundu ni breki, nyeusi taa ya nyuma kushoto. Magari mengi ya mtumba yameshachezewa na mafundi wengi, kwa hiyo hakikisha kwa taa ya kupimia kabla ya kuamini rangi. Athi iwe na waya wake hadi kwenye gari. Ukitegemea tufe la taubaa kupitisha umeme, siku kutu ikiingia taa zote zitawaka pamoja kwa ufifi. Kila kiungo kipake grisi na kufungwa kwa mpira unaobana. Nyuma weka viakisi vyekundu, mbele vyeupe.

Kutu

Aliyeona malori yanayobeba chumvi kutoka Gongoni anajua chuma kinavyoliwa. Trela ya kwadi inaishi maisha karibu na hayo, kwa sababu inasimama ufukweni, na upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari hadi uani kwako.

Bomba la mraba linaoza kutoka ndani. Ziba ncha zote kwa bati na mshono kamili usiopitisha hewa, au, kama huwezi kuhakikisha, toboa tundu la milimita 8 upande wa chini kila mwisho ili maji yatoke. Kuziba nusu nusu ni kubaya kuliko kuacha wazi. Saga mishono, ondoa magamba yote, futa kwa kitambaa chenye thina, kisha paka rangi ya kwanza yenye zinki siku hiyo hiyo. Ukiiacha usiku mmoja tu, asubuhi utakuta rangi ya chungwa imeshatanda. Halafu koti mbili za rangi ya juu. Pembe na mishono zipake kwa brashi hata kama unapulizia, maana huko ndiko rangi inakokimbia.

Safari ya kwanza

Kaza beringi huku ukizungusha gurudumu, hadi lianze kuwa zito, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke bila kucheza, ndipo utie kotapini mpya. Nenda kilomita 10 na trela tupu, simama, gusa habu. Vuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, umekaza mno. Baada ya kilomita 50 kaza tena nati za magurudumu na yuboliti zote. Zitakuwa zimelegea, hilo nimeliona kila mara.

Ukiwa na mzigo, kilomita 60 hadi 70 kwa saa kwenye lami zinatosha, na kwenye vumbi chini ya 40.

Ukitoka ufukweni, osha trela siku hiyo hiyo kwa maji ya bomba au ya mvua. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, ukioshea hayo unaongeza kile unachokiondoa. Subiri habu zipoe kwanza: habu ya moto ikimwagiwa maji hunywa maji hayo ndani kupitia sili, na beringi inakufa kimya kimya. Grisi ya beringi mimi hubadilisha mara mbili kwa mwaka, Machi kabla ya masika na Oktoba wageni wasijaanza kumiminika.